Nyumba Isiyosema Karibu

Nchi ninayotaka kuwasimulia iko mbali sana na kwenu, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta. Mkiona humu kitu kinachofanana na cha kwenu, ni macho yenu tu. Nchi yetu haifanani na nyingine yoyote. Ina bendera yake, ina wimbo wake, na ina Serikali inayotupenda mpaka tunatetemeka.

Watu wa nchi yetu ni wa aina mbili: wenye karatasi, na sisi. Sisi tulivuka mpaka, wengine kwa miguu, wengine tukiwa tumelala migongoni mwa mama zetu, kama mimi. Kisheria tunaitwa Wasiokuwapo. Msidhani ni tusi. Redio ya Serikali ilishaeleza vizuri kwamba mtu asiye na karatasi hayupo, na mtu ambaye hayupo huwezi kumtukana hata ukitaka. Basi sisi Wasiokuwapo ndio tunaofua mashuka ya hoteli zao, ndio tunaochanganya zege la maghorofa yao, ndio tunaolea watoto wao mpaka watoto wanatuita mama. Wenyewe hawajui kazi hizo zinafanywa na nani. Wanaona tu zimefanyika, wanamshukuru Mungu.

Siku moja Bunge likakaa kujadili jambo zito: je, Wasiokuwapo wakopeshwe fedha za kununua nyumba?

Mbunge mmoja mnene alisimama, akafunga vifungo vya koti. "Mheshimiwa Spika, naomba nieleweshwe. Mtu hayupo. Sasa hiyo nyumba atakaa nani?"

Wenzake wakapiga meza. Akasimama mwingine, ambaye watu wanasema ana hisa benki, lakini watu husema mengi.

"Mheshimiwa Spika, namhurumia msemaji aliyetangulia. Mkazi asiyekuwapo ndiye mkazi bora duniani. Hadai barabara, hadai maji, hapigi kura. Na ingawa yeye mwenyewe hayupo, Mheshimiwa Spika, mshahara wake upo! Nimeuona kwa macho yangu haya. Je, ni haki kuubagua mshahara usio na hatia kwa makosa ya mwenye mshahara?"

Wabunge kadhaa walilia. Mmoja alitolewa nje akapepewe. Kabla ya chai ya saa nne sheria ilikuwa imepita: mkopaji hayupo, lakini deni lipo.

*

Mimi na mume wangu, Feruzi, tulikwenda benki tumevaa nguo tulizofungia ndoa. Afisa mikopo alikuwa kijana mpole mwenye tai nyembamba. Alipotuona mlangoni tu, akazungusha kiti chake, akatazama ukutani.

"Karibuni sana, wateja wetu wapendwa," aliuambia ukuta. "Kaeni. Mniwie radhi, siruhusiwi kuwaona. Nikiwaona mtakuwa mpo."

"Hamna shida, kaka," nikamjibu.

"Mnataka nyumba ya namna gani?"

"Vyumba viwili na jiko," Feruzi akasema. "Na dirisha upande jua linakochomoza."

"Dirisha tunalo. Na mkopaji anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Feruzi akanikanyaga mguu. Tukakaa kimya, tunasikiliza feni.

"Safi kabisa," afisa akasema, akashusha pumzi. "Wengi huwa wanaangukia hapo."

Tukaweka dole gumba kwenye mkataba, nyuma ya mgongo wake, naye akaturushia funguo juu ya bega bila kugeuka. Tulikuwa tumekubali kulipa mpaka Feruzi aote mvi. Sikuona tabu. Nilikuwa na mimba ya miezi mingi, na darasani kwetu, kule kwenye masomo ya jioni, mwalimu alikuwa ametufundisha kuandika anwani juu ya barua, upande wa kulia. Wote waliandika zao. Mimi niliacha pale mahali peupe. Sasa nilikuwa na kitu cha kuandika.

Feruzi ni fundi wa plasta. Amepiga kuta za nusu ya mji huu, na hakuna hata moja aliyowahi kuiegemea baada ya kukauka. Tulipoingia kwetu akapapasa ukuta kwa kiganja, akasema aliyeupiga alikuwa mvivu wa kupindukia, akacheka, kisha akakaa sakafuni akalia.

Binti yetu Zawena alizaliwa humohumo ndani, maana hospitali wanataka karatasi kabla ya uchungu. Aliyempokea ni jirani yetu Bibi Tekla, mjane mwenye karatasi zake zote, tangu cheti cha kuzaliwa mpaka kile cha kuthibitisha kwamba vile vyeti vingine ni vya kweli.

Zawena akatambaa, akasimama, akaanza kusema. Neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba. Jirani mmoja alipiga hodi, na kabla sijajibu, mtoto akauendea mlango tumbo mbele, mikono juu: "Kalibuuu!" Mtaa mzima ukawa unapita kwetu kupiga hodi bila shida yoyote, ili wamsikie tu. Nikasema moyoni, hata kama hatupo, mtoto wetu ana adabu.

*

Kisha akateuliwa Waziri mpya wa Wageni na Ukarimu. Aliahidi kwamba kabla ya mvua za vuli nchi itakuwa haina Asiyekuwapo hata mmoja. Benki wakamwendea mbio. "Mheshimiwa, ukiwaondoa wote, nani atatulipa?" Waziri akafikiri mpaka akalazwa. Alipotoka hospitali akaitisha mkutano uwanjani, na sisi tukapelekwa kwa malori ili tukajazie.

"Ndugu zangu mliopo, na ninyi wengine!" alianza. "Kuanzia leo, Asiyekuwapo anayekwenda kazini, aliye kazini, au anayetoka kazini, si mtu. Ni marejesho ya benki yanayotembea. Ole wake atakayemgusa! Lakini siku ya mapumziko, akiwa kwake amenyoosha miguu, anamletea nani faida? Hakuna. Hapo anageuka kuwa mtu. Na kuwa mtu bila karatasi ni kosa la jinai."

Makofi.

"Hata hivyo sisi si washenzi. Nyumba ya mkopo ni nyumba ya benki, na mlango wa benki hauvunjwi. Afisa wangu atapiga hodi. Asipokaribishwa, atakwenda zake. Akikaribishwa, ataingia na kutekeleza wajibu wake. Nitajieni nchi nyingine chini ya jua ambako mtu anakamatwa kwa ukarimu wake mwenyewe!"

Tukapiga vigelegele. Kwa nini tusipige? Tulijiuliza, ni mwendawazimu gani atakayemkaribisha afisa?

Mwanamke mmoja nyuma yangu, sijui alipata wapi moyo, akapaza sauti: "Na watoto, Mheshimiwa?"

Waziri akatabasamu kama mtu aliyeulizwa kuhusu maua yake. "Swali zuri. Mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba ya benki ni sehemu ya nyumba, kama sinki, kama mlango. Wazazi wakipelekwa mpakani, yeye anabaki. Mnunuzi mpya atamkuta hapo, bila kuongeza hata senti. Tukisema tumng'oe, mama, si tutaharibu nyumba?"

Uwanja ukacheka. Nami nilicheka, maana askari walikuwa wanapita katikati yetu wakiangalia nani hacheki. Nilikuwa nimemshika Zawena mkono, na sikujua namkaza kiasi gani mpaka aliposema, "Mama, aumia."

*

Jumapili ya kwanza ndipo tulipojijua sisi ni watu gani.

Mzee Kitunzi, fundi saa, alisikia hodi. Akajibu kama alivyojibu maisha yake yote: "Karibu, karibu, pita ndani mwanangu, samahani kwa uchafu." Afisa akapita. Mzee akamvutia kiti, akamchemshia chai. Afisa akaomba sukari zaidi, akaongezewa. Akasifia vikombe. Alipomaliza akasema, "Asante sana Mzee, sasa vaa viatu." Mzee Kitunzi alipotoka na pingu alikuwa bado anamwomba radhi kwamba hakuwa na kitafunio.

Hivyo hivyo nyumba kwa nyumba. Si ujinga, jamani. Kwetu mtu akisikia hodi, jibu hutoka lenyewe, kama chafya. Wengine walisema karibu huku wameshaona buti chini ya mlango. Mama mmoja aliziba mdomo kwa mikono miwili na bado lilimtoka puani. Kesho yake gazeti la Serikali liliandika ukurasa wa mbele: WASIOKUWAPO WASIFIWA KWA UKARIMU.

Benki nao wakagundua kitu. Nyumba ya Mzee Kitunzi ilirudi mikononi mwao, fedha alizolipa zikabaki hukohuko, na kabla ya Ijumaa nyumba ilikuwa imeshauzwa kwa Asiyekuwapo mwingine. Mapenzi yao kwa Waziri yakazidi. Wakamjengea Chuo cha Hodi, jengo zuri la vioo, ambako maofisa wanafundishwa kupiga hodi kwa sauti ya muuza maziwa, ya katekista, ya shangazi aliyetoka safari na mizigo.

Watu wakakimbilia Mahakama Kuu. Kulikuwa na familia iliyokamatwa kwa sababu ya kasuku. Jaji alikaa wiki nzima na kasuku huyo, wakaelewana, akaamua kwamba karibu ya kasuku ni halali kwa kuwa imetoka ndani ya nyumba. Kuhusu watoto akaamua kwamba mdomo wowote ulio na meno unaweza kukaribisha. Wazee wetu wakaanza kwenda kung'olewa meno mazima, ili wapate kuongea majumbani mwao bila hofu. Mwenye duka la meno barabara ya posta akajenga ghorofa. Kwa mkopo.

Zawena alikuwa na meno yote ya mbele na anaendelea kuotesha.

*

Tukaanza kumfundisha. Feruzi anatoka nje, anafunga mlango, anaita, "Hodi!"

"Kalibu baba!"

"Hapana, mama," namwambia, nimepiga magoti mbele yake. "Ukisikia hodi, nyamaza. Hivi." Naweka kidole mdomoni.

Naye anaweka kidole mdomoni. Anaweka na kingine puani. Anacheka.

"Hodi!"

"Kalibu baba! Toto amamaza!"

Feruzi aliingia siku hiyo, akakaa chini, akaegemeza kichwa kwenye mlango. "Mama Zawena," akasema, "mtoto anatuambia amenyamaza."

"Nimesikia."

"Watatuchukua huku anatuaga."

Nilikuwa naangalia sinki. Ni sinki jeupe, lina ufa mdogo pembeni, na tangu ule mkutano nilikuwa siwezi kuosha vyombo bila kumwona mwanangu amesimama pembeni yake, mkubwa, na watu nisiowajua wanamwambia asogee wafungue bomba.

Mwishowe nikapata njia. Mdomo ukiwa na kitu hauna nafasi ya maneno. Kila siku ya mapumziko nikawa nakaanga maandazi tangu alfajiri. Tukisikia hatua tu, andazi moja ndani ya mdomo wa Zawena, na lingine mkononi la akiba. Alipenda sana Jumapili. Alinenepa mashavu. Watu kazini waliniuliza mtoto nampa nini, nikawaambia ni hewa ya mtaani kwetu.

Mtaa ukawa kimya. Mtu anabisha hodi mpaka anachoka, hakuna anayeitika. Nami mwenyewe nilikuwa napita milango ya wenzangu nakohoa badala ya kuita, na mwenzangu ndani anakohoa, tunaachana hivyo, tumeshajuliana hali.

Aliyeumia ni Bibi Tekla. Alinisubiri nikitoka kazini, nikiwa bado ni marejesho, akanishika kanga.

"Wewe binti, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Bibi."

"Nimesimama mlangoni kwako mpaka koo likakauka. Nilitaka kiberiti. Kiberiti! Mimi niliyekukatia kitovu cha mtoto! Nasikia kabisa mnatafuna humo ndani."

Nikamweleza yote pale pale barabarani, kwa haraka, maana marejesho hayaruhusiwi kusimama sana. Alisikiliza, akajifunga kanga upya kiunoni.

"Basi Siku ya Ukarimu nashinda kwenu," akasema. "Nataka nimwone huyo mtu anayepiga hodi. Mimi nina karatasi, atanifanya nini?"

*

Siku ya Ukarimu ni sikukuu yetu kubwa. Hakuna kazi, hata ya kuzima moto. Maofisa wote hutoka, na amri inasema madirisha yote ya nyumba za mkopo yawe wazi tangu asubuhi mpaka jua kuzama, ili taifa lione furaha iliyomo.

Bibi Tekla aliingia kwa mlango wa jikoni, bila hodi, kama tulivyokubaliana. Ilimuuma. "Umri huu wote sijaingia nyumba ya mtu kimyakimya kama mwizi," alinung'unika. Tukaketi kwenye mkeka ukutani, mbali na dirisha. Nilimpakata Zawena. Sufuria ya maandazi ilikuwa kulia kwangu.

Buti zikaja, zikasimama mlangoni.

"Hodi!" Sauti ya kiume, ya kawaida, ya kuanzia.

Andazi. Zawena akatafuna, macho yanacheka.

"Hodi wenyewe! Maziwa!" Ilikuwa ni sauti ya muuza maziwa wetu, na ile mikwaruzo yake yote. Feruzi akauma mkono wa shati.

Kisha: "Hodi, Mama Zawena! Jamani, naomba kiberiti tu!"

Bibi Tekla akashtuka. "Nani huyo?" akanong'ona.

"Ni wewe, Bibi."

"Mimi? Mimi nina sauti ya mbuzi namna hiyo?"

"Bibi, tafadhali."

"Na mbona analalamika hivyo? Kwani mimi hulalamika?"

Feruzi akatazama dari.

Nje pakatulia. Nikaanza kufikiri amekwenda. Ndipo sauti ikaja karibu kabisa na tundu la funguo, laini, yenye uchovu wa mtu aliyetoka kufua kutwa nzima.

"Hodi, mwanangu. Zawena wangu. Mama amerudi."

Ilikuwa sauti yangu.

Sijui walinisikiliza wapi. Labda kazini, labda sokoni. Ilikuwa na kila kitu, hata ile pumzi ninayovuta kabla ya kutaja jina lake. Andazi likamdondoka Zawena. Akautazama mlango. Akanitazama mimi. Akautazama tena mlango, na nikaona usoni mwake swali ambalo mtoto wa umri ule hatakiwi kuulizwa: yupi ni mama? Sikuweza kumwambia ni mimi, maana ningesema, ningesikika. Nikaukandamiza uso wake kifuani kwangu, nikaingiza pua kwenye nywele zake, nikamwacha anuse.

"Zawena," nikaita kule nje. "Huniambii karibu?"

Mabega yake madogo yakaanza kutikisika. Alilia machozi tele, bila sauti hata chembe. Alikuwa ameshajua kunyamaza. Nilimfundisha mwenyewe, na sasa nilikuwa naona alivyofaulu.

*

Afisa alichoka. Tulimsikia akikaa chini ya dirisha, akivua kofia, akijipepea. Siku ya Ukarimu sheria inamtaka akae mpaka jua kuzama. Jua lilikuwa bado juu.

"Mtoto ale," Bibi Tekla akasema kwa sauti ya chini. "Na sisi tule. Hofu haishibishi."

Alipakua pilau kwenye sinia, tukaizunguka. Ilikuwa pilau ya sikukuu na harufu yake ilijaza chumba ikatokea dirishani. Zawena akala, mashavu yakiwa bado na machozi. Feruzi akanisogezea kipande cha nyama, kama siku za mwanzo za ndoa. Kwa muda kidogo tulikuwa tu watu wanaokula kwao.

Ndipo afisa aliposimama kujinyoosha. Kichwa chake kikatokea dirishani: kijana mdogo, kofia imemzidi, vumbi kwenye kope. Macho yake yakakutana na ya Bibi Tekla, aliyekuwa ameinua tonge.

Na Bibi Tekla, ambaye tangu azaliwe hajala mbele ya mtu bila kumwita, akanyoosha mkono kuelekea sinia.

"Karibu tule, mwanangu," akasema.

Bibi mwenyewe alibaki vilevile, mkono hewani, macho yamemtoka, anatamani alimeze neno pamoja na tonge. Meno anayo yote. Feruzi akainuka nusu, akasimama kati ya dirisha na mtoto. Mimi nilikuwa tayari nimeshaanza kumfuta Zawena uso, haraka haraka, ili wanunuzi watakaokuja wamkute msafi, wamhurumie.

Kijana akaweka mkono kifuani. Akainamisha kichwa kidogo.

"Asante mama, nimeshiba," akasema. "Endeleeni tu."

Kisha nikaona uso wake ukibadilika.

"Hapana," akasema. "Ngoja. Ngojeni kwanza."

"Tungoje nini?" Bibi Tekla akapata sauti. "Umeshiba."

"Sijashiba, Bibi! Sijala tangu jana!"

"Umesema umeshiba. Wote tumesikia. Baba Zawena, hukusikia?"

"Nimesikia," Feruzi akasema. "Kashiba."

"Nilisema tu! Kila mtu husema!"

"Aa, kwenu mnasema tu? Unamkatalia mtu mzima chakula chake, halafu unakirudia kama paka? Umelelewa wapi wewe? Mama yako anaitwa nani, nimwendee?"

"Mama mwache, Bibi," kijana akasema, akatazama buti zake.

"Basi sema. Sema hapa mbele ya hawa watu wanaokula: nina njaa, naombeni chakula. Sema, uingie."

Alishika fremu ya dirisha. Ilikuwa ni kuinua mguu tu. Angepewa nishani, angepandishwa cheo, angepigwa picha na Waziri. Alitazama pilau. Alimtazama Zawena, ambaye naye alikuwa anamtazama, mdomo umejaa, bila neno. Akafungua kinywa. Lakini katika nchi yetu, hata miaka ile ya ukame watu walipokuwa wanaanguka njiani, hakuna aliyewahi kusema mbele ya sinia la watu kwamba ana njaa. Chuo cha Hodi hakikuwa kimefika somo hilo.

"Nimeshiba," akasema, taratibu, kama mtu anayeng'olewa jino. Akavaa kofia yake. "Mle salama."

Akageuka. Tukamwona akipita kando ya mapipa ya maji ya jirani, mgongo umelowa jasho, akienda zake, na jua lilikuwa bado halijazama. Feruzi akaegemea ule ukuta wa fundi mvivu, akafumba macho. Bibi Tekla akacheka huku analia. Nikambeba Zawena nikasimama dirishani ili nihakikishe kijana anaondoka kweli. Mwili mzima ulikuwa umelegea kwa furaha, na ulimi pia, na huyu alikuwa mtu anayetoka kwangu, mgongo umenigeukia, na mtu anapotoka kwako kuna neno analosindikizwa nalo.

"Karibu tena," nikasema.

Alisimama. Hakugeuka upesi. Alipogeuka, uso wake ulikuwa na aibu kuliko wangu.

"Asante, mama," akasema. "Nitakuja Jumapili. Nitakuja na njaa."